Boksi la nyenje lenye mirija: linamfaa nani, na nani atafute chombo kingine

Boksi lenyewe ni la plastiki angavu, lina mfuniko wenye matundu ya hewa, na ubavuni limeachiwa nafasi za kuchomekea mirija myeusi. Exo Terra wanaliuza kwa jina la Cricket Pen, Marekani kuna la Lee's liitwalo Kricket Keeper, na yapo mengine yasiyo na jina kubwa yanayofuata mtindo uleule. Kazi yake ni kuhifadhi nyenje hai wa kulishia mijusi wa nyumbani kwa siku chache na kukuwezesha kuwatoa kumi au ishirini bila kuingiza mkono, wala nusu yao kurukia chini ya kabati. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Mwenye geko chui mmoja (mjusi mdogo mwenye madoa), au pogona mmoja mzima (mjusi mwenye ndevu), anayenunua nyenje kila wiki, hatajuta kukinunua. Matatizo huanza pale mtu anapolifanya banda la kufugia, au anapotia humo wadudu ambao halikuundwa kwa ajili yao.

Ufundi wote umo kwenye mirija. Nyenje hukimbia mwanga na hupenda mahali pembamba pa kujibanza. Kwa kuwa kuta zote ni angavu, giza pekee wanaloliona ni lile la ndani ya mrija, hivyo saa chache baada ya kuhamishwa wengi wao huwa wameshajipanga humo. Wakati wa kulisha unachomoa mrija mmoja, unauziba mdomo kwa kidole gumba, unaukung'uta juu ya kikombe kirefu, basi. Upande wa ndani wa mrija unatakiwa uwe na mikwaruzo ili miguu ishike. Ukiupapasa ukauona laini kama kioo, sugua ndani kwa msasa kabla ya kuanza kuutumia, la sivyo nyenje watateleza na kubaki nje. Mirija ichomolewe mchana au taa ikiwa imewaka. Usiku nyenje hutoka kutembea na kula, na utachomoa mrija mtupu.

Hapo ndipo wengi huliharibu boksi bila kujua. Wamesikia kwamba nyenje huwekewa trei za mayai, nao wanatia vipande viwili vya trei ndani. Nyenje wanahamia kwenye trei, mirija inabaki bila kitu, na mwenyewe anarudi kule kule kwa kufungua mfuniko na kuwinda kwa mkono. Kwenye boksi hili mirija ndiyo maficho, na maficho mengine yoyote yanashindana nayo. Lakini bila trei eneo la kusimama ni dogo, kwa hiyo idadi nayo lazima iwe ndogo. Kwa boksi kubwa la aina hii, lenye urefu wa karibu sentimita 30, sisi tunaweka kikomo cha nyenje 100 wa ukubwa wa kati au 50 waliokomaa. Wakizidi hapo, kinyesi na unyevu hujikusanya, harufu ya amonia hupanda, na vifo huja kwa mkupuo. Tena nyenje waliobanana, au waliokosa kitu chenye majimaji, hulana. Ukikuta miguu ya nyuma na vipande vya mabawa vimetapakaa sakafuni, punguza idadi na uangalie kama karoti imekauka.

Kuhusu kutoroka, boksi lina sehemu tatu za kuangalia kabla hujatia mdudu hata mmoja.

Ya kwanza ni matundu ya mfuniko. Yameundwa kwa nyenje wa kati na wakubwa. Nyenje wachanga wa milimita tatu au nne, wale wanaonunuliwa kwa ajili ya vinyonga na geko wadogo, hupita humo bila shida. Kama ni hao unaowahitaji, bandika upande wa ndani wa mfuniko wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita moja, kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kisha acha boksi wazi siku mbili mpaka harufu kali kama ya siki iishe kabisa. Kipande cha chandarua hakifai. Nyenje hutafuna nailoni na fiberglasi, na kitundu kimoja kinawatosha kutoka wote usiku mmoja. Chuma cha pua au aluminiamu hawakiwezi.

Ya pili ni tundu linalobaki wazi mrija ukishachomolewa. Baadhi ya maboksi yana kijimlango kinachojifunga chenyewe. Lako likiwa halina, chonga kizibo cha koki chenye unene wa mrija na ukifunge kwa uzi ubavuni mwa boksi kisipotee. Ukichomoa mrija kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unaziba palepale.

Ya tatu ni kuta zenyewe. Nyenje wa kawaida hawezi kupanda plastiki laini iliyo safi. Anachokipanda ni mikwaruzo, vumbi la chakula, na utando wa uchafu unaojijenga pembeni kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo kuta zioshwe kwa kitambaa laini, si kwa waya wa kusugulia sufuria. Boksi lililosuguliwa kwa waya mara kadhaa linakuwa na ngazi, na hapo ulinzi wote unabaki kwenye mfuniko.

Kuwahamisha kutoka kwenye kopo la dukani ndiyo hatua inayotoa watoro wengi kuliko nyingine zote, na dawa yake ni rahisi. Weka kopo kwenye friji kwa dakika kumi, chini na si kwenye sehemu ya kugandishia, ili wapungue kasi. Lipeleke boksi kwenye beseni la kuogea, ziba tundu la maji, na ufanyie kazi humo: atakayeruka ataangukia kwenye kuta laini asizoweza kupanda. Mirija iwe imeshachomekwa. Kung'uta karatasi za kopo moja moja, halafu zitupe. Usimimine kopo zima, maana utamimina pia waliokufa, magamba na kinyesi, na waliokufa ndio chanzo cha uvundo wa siku ya tatu.

Ukiwa dukani, inua kopo kwenye mwanga kabla hujalipa. Wachache waliokufa ni kawaida, robo nzima siyo. Chini pawe pakavu. Na kama huna haja maalumu ya nyenje wakubwa kabisa, chukua wasiokuwa bado na mabawa kamili. Sababu ni tatu. Mwenye mabawa ameshakomaa na amebakiza wiki chache tu za kuishi, hivyo sehemu ya fedha yako inakufa kabla ya kuliwa. Dume aliyekomaa ndiye anayelia usiku kucha, jambo ambalo jirani wa ukuta mmoja kwenye ghorofa hatalivumilia, wakati asiye na mabawa hana sauti. Na jike aliyekomaa, unayemjua kwa mwiba mmoja mrefu kama sindano nyuma, hutaga mayai mahali popote palipo na unyevu laini: udongo, sponji ya maji, hata jeli ya maji iliyoachwa siku nyingi. Kwenye joto la nyuzi 30 mayai hayo huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na watoto wanaotoka ni wadogo kiasi cha kupita kwenye tundu lolote la mfuniko wa kawaida. Nyumba nyingi zinazosemekana "zimevamiwa" na nyenje zilianzia kwenye sponji kama hiyo.

Basi usiweke sponji, wala kisahani cha maji, kwani nyenje huzama hata kwenye maji ya kimo cha kucha. Kipande cha karoti kilichomenywa au cha chungwa kinatosha, kikibadilishwa kila siku kabla hakijaota ukungu. Chakula kikavu kiwe kwenye kifuniko cha chupa, mbali na kile chenye maji. Joto la chumba, nyuzi 21 hadi 25, linatosha kuwahifadhi. Ukiwapasha zaidi wanakua haraka, wanachafua haraka na wanakufa haraka.

Chakula hicho ndicho mjusi wako anachokula kesho, na hapa hatutaki mtu apite haraka. Nyenje kwa asili ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, takriban mara saba hadi tisa, ilhali mjusi anahitaji kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mbili ya fosforasi. Akilishwa nyenje watupu kwa miezi, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa: taya linalainika, miguu inapinda, vidole vinatetemeka, na mwisho hawezi kujiinua. Yapo mambo mawili ya kufanya, na yote mawili yanahitajika. Kwanza, siku moja hadi mbili kabla ya kulisha, wape nyenje chakula chenye kalsiamu nyingi. Unga wa kulishia kuku wa mayai una asilimia tatu na nusu hadi nne ya kalsiamu, ni mwanzo mzuri, lakini peke yake hautoshi. Chakula maalumu cha kuwashibishia wadudu hufika asilimia nane au zaidi, na kwa sababu hiyohiyo si cha kuwapa kila siku ya maisha yao, kwani huwaua wenyewe. Kwa majani, sukuma wiki ni bora. Mchicha na spinachi tuviache, vina oksaleti inayoifunga kalsiamu.

Pili, wapake unga wa kalsiamu kaboneti isiyo na fosforasi. Mirija ya boksi hili hurahisisha kazi: kung'uta nyenje kumi kwenye kikombe, tia kibano kidogo cha unga, zungusha mara tatu mpaka wawe weupe hafifu, mpe mjusi papo hapo. Usisubiri. Nyenje hujisafisha kwa miguu na midomo, na baada ya saa chache sehemu kubwa ya unga imeshadondoka. Aliyesalia tangini tangu jana ni nyenje mtupu tena. Unga usitiwe ndani ya mrija wenyewe, unajaza mikwaruzo na kuulainisha.

Mwenye taa nzuri ya UVB, miale inayomwezesha mjusi kujitengenezea vitamini D3, atumie kalsiamu tupu kwa milo mingi na ile yenye vitamini D3 kwa uchache. Asiye na taa hana budi kutegemea yenye D3, kwa kipimo cha daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Sasa wadudu wenyewe, maana boksi linafaa au halifai kulingana na unachotia.

Nzige kwanza, kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki hushangaa kuwakuta kwenye makopo. Uingereza na Ujerumani ni chakula cha kawaida cha pogona na vinyonga, na mmojawapo wa wanaouzwa ni nzige wa jangwani, aina ileile iliyoshuka Kenya, Ethiopia na Somalia mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020. Marekani hawaruhusiwi bila kibali cha serikali kuu. Ni chakula kizuri, hawalii na hawanuki sana. Lakini usiwatie kwenye boksi la mirija. Nzige anataka mwanga na joto, haingii kwenye giza, kwa hiyo mrija kwake hauna maana yoyote. Kaa nao kwenye kopo refu lenye wavu wa chuma, vijiti vya kukwea, majani yasiyo na maji juu yake, na taa inayofikisha nyuzi 30 mchana.

Funza lishe, yaani mabuu wa nzi aitwaye black soldier fly, hao wanaofugwa Dar es Salaam na Nairobi kwa ajili ya kuku na samaki, ndio pekee katika orodha hii ambao kwa kawaida kalsiamu yao inazidi fosforasi, kwa hiyo hawapakwi unga. icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, imewafanyia kazi kubwa wao pamoja na nyenje. Kwa mjusi wa nyumbani nunua waliokuzwa kwa nafaka. Waliokulia kwenye taka usizozijua wabaki chakula cha mifugo kinachokaushwa na kupikwa. Wanakaa vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 15 wiki kadhaa bila kulishwa chochote. Hatari yao ni unyevu: funza lishe mwenye mwili uliolowana hupanda ukuta wima, na akikaribia kugeuka kuwa nzi rangi yake inakuwa nyeusi na anaanza kusafiri kutafuta mahali pakavu. Kopo lao likitoa jasho ndani ya mfuniko, fungua, lipanguse, ongeza pumba kavu.

Mabuu wa unga ndio rahisi kuliko wote kuwahifadhi. Sahani pana, pumba za ngano kimo cha sentimita tano, friji nyuzi 7 hadi 10, na mara moja kwa wiki watolewe siku nzima wapate joto na kipande cha karoti. Pumba zigandishwe siku mbili kabla ya kutumika ili kuua mayai ya utitiri. Ukiona "mchanga" laini unaosogea chini ya sahani, huo ni utitiri, na maana yake pumba zimelowa. Ile habari kwamba buu huyu humtafuna mjusi tumbo kutoka ndani haina msingi, mjusi anamponda kabla hajameza. Lililo kweli ni kwamba ana mafuta na gamba gumu, na mjusi aliyewekwa kwenye baridi anaweza kufunga choo. Zofoba, yule mkubwa anayefanana naye, asitiwe friji kamwe: anakufa. Naye ana mafuta zaidi na anauma, hivyo ashikwe kwa kibano.

Viwavi wa nta ni peremende. Mmoja au wawili kwa mjusi anayepona ugonjwa au jike aliyetoka kutaga, basi. Viwavi wa tumbaku, wale wa kijani-buluu wanaouzwa kwenye kikombe pamoja na chakula chao, ni maji kwa asilimia 85 hivi na mafuta kidogo sana, wanafaa mjusi aliyekaukiwa. Kwenye joto la chumba wanafikia ukubwa wa kidole ndani ya siku chache, kwa hiyo waweke mahali pa nyuzi 13. Waliookotwa kwenye nyanya au tumbaku shambani wasiguswe, wamebeba sumu ya majani.

Halafu kuna mende wa dubia, na hapa ndipo tunapomshauri mwenye mijusi mitatu au zaidi aachane na boksi la mirija kabisa. Ana protini nzuri, uwiano wake wa kalsiamu si mbaya kama wa nyenje ingawa bado unahitaji unga, halii, hanuki, harukiruki, na hawezi kupanda plastiki laini wala kioo. Anazaa watoto hai, ishirini hadi thelathini kwa mara moja, na huchukua miezi minne hadi sita kukomaa. Kanada wamepigwa marufuku, kwa hiyo aliye huko abaki na nyenje. Na asiwepo wa kusafiri nao kwenda nyumbani Afrika Mashariki ndani ya begi: asili yao ni Amerika ya Kusini, na hali ya hewa ya Tanga au Mombasa ina kila kitu wanachokitaka.

Banda lao hulinunui, unalitengeneza, na gharama yake ni ndogo kuliko boksi kubwa la mirija. Chukua boksi la kuhifadhia nguo la lita 50, lisiloonyesha ndani, kuta laini, kimo kisichopungua sentimita 30. Kwenye mfuniko kata madirisha mawili ya ukubwa wa kiganja, juu yake bandika wavu wa chuma kwa gundi ya moto pande zote nne. Simamisha trei za mayai wima, si kwa kulaza, ili kinyesi kidondoke chini badala ya kujaa kwenye vikombe vyake. Kileleni mwa trei pabaki angalau sentimita 10 kufikia ukingo. Trei inayogusa ukingo ndiyo ngazi yao. Zungushia sehemu ya juu ya ukuta, ndani, mkanda wa plastiki angavu wa kufungia mizigo wenye upana wa sentimita tano: ni laini kuliko ukuta wenyewe, na ukichakaa unabandua na kubandika mwingine. Wengine hupaka mafuta mazito badala yake. Yanafanya kazi wiki ya kwanza, kisha yanashika vumbi na kuwa njia.

Mkeka wa joto ubandikwe nje, kwenye ubavu, robo moja tu ya boksi, na lazima uwe na themostati, yaani kidhibiti joto, iliyowekwa nyuzi 30. Mkeka usio na themostati chini ya boksi la plastiki ni hatari ya moto na ni tanuri kwa mende. Chini ya nyuzi 20 hawazai, na huo ni ulinzi wa aina yake: mmoja akiponyoka kwenye nyumba ya Ulaya hapati mahali pa kuanzisha ukoo. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano. Utawatofautisha kwa mabawa: dume anayo marefu, jike ana vipande vifupi tu. Usivune majike waliokomaa mpaka miezi sita ipite. Wenye papara huvuna wakubwa wote mwezi wa pili, kisha hulalamika kwamba banda halizai.

Dubia ana tabia ya kujifanya amekufa na kujichimbia. Ukimwachia kwenye tangi lenye mchanga au udongo, mjusi hatamwona tena. Mtie kwenye bakuli laini lenye kimo cha sentimita tano hadi saba. Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha: vumbi la kinyesi cha mende huleta mzio. Mtu anaweza kufuga mwaka mzima vizuri, kisha pua na kifua vikaanza kumsumbua. Usafi ufanyike nje au dirishani, kwa barakoa na glavu. Nyumba yenye mwenye pumu isifuge mende hawa.

Turudi kwenye boksi la mirija, kwa upande wa usafi. Nyenje wa kawaida wa kahawia ana virusi vyake, densovirusi, vilivyomaliza mashamba makubwa Ulaya na baadaye, kuanzia mwaka 2009 hivi, Amerika ya Kaskazini. Ndiyo maana siku hizi wauzaji wengi wamehamia kwenye aina nyingine, kama nyenje mwenye mistari, anayestahimili lakini mwepesi zaidi wa kukimbia. Dalili ni nyenje wengi kulala chali wakirusha miguu, wa kila ukubwa, ndani ya siku chache. Mjusi haambukizwi. Ila usichanganye kopo jipya na mabaki ya lile la zamani, na kati ya makopo osha boksi na mirija kwa sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu kumi za maji, suuza mpaka harufu iishe, kausha juani. Kazi hiyo isifanyike kwenye sinki la jikoni. Reptilia na vyombo vyao hubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu.

Vifo vya ghafla vya boksi zima ndani ya usiku mmoja kwa kawaida si virusi bali ni dawa ya wadudu. Dawa ya mbu ya kupuliza chumba cha pili, dawa ya viroboto ya paka iliyobaki mikononi, boga lisilooshwa. Nyenje hawana kinga hata kidogo. Nawa kwanza, menya karoti, na chumba chenye boksi kisipuliziwe kitu chochote.

Kwa sababu hiyohiyo wadudu wa kuokota nje si chakula, hata wawe bure. Mende wa jikoni huenda amepita kwenye dawa jana. Nzige walioanguka mwaka 2020 wengi walikuwa wamenyunyiziwa sumu. Vimulimuli ni hatari kuliko wote: baadhi yao wana sumu ya moyo, na mmoja tu anaweza kumuua pogona mzima.

Ukubwa wa mdudu, uwe umemtoa kwenye chombo chochote, usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Geko chui mzima anatosheka na nyenje watano hadi saba kila baada ya siku moja. Pogona mchanga mpe kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika kumi hadi kumi na tano, halafu watoe waliobaki. Nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala, vidole na kope kwanza. Kama kuna aliyejificha usiweze kumpata, acha kipande cha karoti tangini usiku huo ili awe na kitu kingine cha kutafuna, na asubuhi utamkuta juu yake.

Wiki ikiisha, mabaki ya boksi, yaani magamba, kinyesi, karoti iliyobaki na nyenje waliokufa, yasimwagwe moja kwa moja kwenye ndoo ya taka wala kwenye bustani. Yafunge kwenye mfuko, yagandishe siku mbili, kisha tupa. Mayai ambayo hukuyaona yatakuwa yamekufa humo.